Pini ya Kok-Bel

Mwaka wa saba napanda mlima ule ule,
betri mbili za gari juu ya punda wa kukodi,
antena, bapa kama sahani, nimeiviringisha ndani ya sweta,
kwenda kuliuliza jiwe: umefika wapi?

Jiwe lina pini ya chuma, urefu wa kidole,
na kichwani mwa pini nukta ndogo kuliko tundu la sindano.
Juu ya nukta hiyo nasimamisha miguu mitatu,
nabembeleza kiputo cha pimamaji mpaka kitulie,
napima kimo mara tatu nikigombana na upepo,
kisha nawasha.
Siku tatu, usiku na mchana, setilaiti zinapita
kila moja ikitaja saa yake,
nami naandika daftarini: saa nane, theluji.
Saa kumi, mbwa ametafuna waya.

Bi Burulkan hutoka hemani na mkate wa tanuri.
"Nurzat, hujakiona tu ulichopoteza hapa?"
Nimeshamweleza. Nchi ya kusini inasukuma,
ya kaskazini imekaza shingo,
na sisi katikati tunakunjamana kama shuka.
"Mbona hema langu halisogei?"
Namwonyesha mbegu ya ufuta juu ya mkate:
kiasi hiki, mama, kwa mwaka.
Anaibandua kwa ukucha, anaitazama, anaila.
"Basi nimekula mwaka mzima," anasema,
"na sijashiba."

Mjini, kwenye kompyuta, kila kituo hugeuka mshale.
Mishale sitini inakwenda kaskazini,
kusini mirefu, kisha inafupika, inafupika,
kama watu wanaopunguza hatua mlangoni mwa msikiti.
Chini yake tunachora ufa: kina chake, mlalo wake,
umebana kama meno ya mtu aliyekataa kusema.
Tunabadili namba, tunakokotoa, tunabadili tena,
mpaka mishale ya hesabu inalala juu ya mishale ya mlima,
isipokuwa mmoja.
Kok-Bel inakwenda magharibi.
Milimita tisa kwa mwaka, peke yake,
kama mbuzi aliyeona shamba la mtu.

"Kifute hicho kituo," akasema Jenishbek, mkuu wangu.
Sikukifuta. Nilikesha.
Nikabuni ufa mwingine, wa siri, chini ya malisho,
nikaupa urefu, nikaupa kasi,
na usiku wa tatu nikaupa jina la bibi yangu.

Mwaka huu nimefika alfajiri, siku moja kabla ya ahadi,
nikakuta farasi jike wa kijivu amefungwa kwenye pini,
shingo ndefu, kamba imekaza,
anavuta kuelekea kijito. Magharibi.
Saruji imelegea kama jino la mtoto.
"Tangu lini, mama?"
"Tangu Sultanaly alipofariki. Yeye alikuwa na mikono ya kukita vigingi.
Chuma chako kilikuwa kimesimama bure
siku mia tatu sitini na mbili."

Nilicheka mpaka punda akageuka.
Ufa wa bibi yangu ukafumba, pale pale.

Lakini yeye hakucheka. Alikuwa bi harusi
siku ukuta wa mkwewe ulipolala juu ya kitanda,
na anataka neno moja tu kutoka kwangu: lini?
Sina. Najua deni, mama, kwa milimita;
mwenye kudai hajanitajia siku.
Alinyamaza, akamimina maziwa chachu, akaninyooshea bakuli.

Tulikita kigingi cha mbao, mimi na yeye, kwa zamu.
Kisha nikatoboa mwamba mwingine, hatua arobaini juu,
nikapanda pini mpya, nikawasha.
Kwenye ramani ni nukta tupu, haijaota mshale.
Farasi kaijia, kainusa,
kaipigia chafya.